HISTORIA NA AFYA, SEHEMU YA 6: KAMERA INAYOTIKISIKA

Kama umewahi kuangalia muvi ya zimwi kwenye kibanda umiza hapa Makutupora ukatoka na kichefuchefu, usisingizie soda. Kuna muvi zinazopigwa kwa kamera ya mkononi, kana kwamba mtu wa kawaida anarekodi huku anakimbia. Macho yanauambia ubongo unakimbia, sikio la ndani linasema umekaa kwenye benchi. Ni kichefuchefu kilekile cha kwenye basi. Cloverfield ilipotoka Marekani mwaka 2008, zipo kumbi zilizobandika tangazo la kuwaonya watazamaji. Ukizidiwa, angalia kitu kilichotulia.

Ila leo nataka tuongelee woga. Mwaka 1999 ilitoka The Blair Witch Project, vijana watatu porini wakifuatilia habari za mchawi. Waigizaji walitumia majina yao halisi, na matangazo yakasema vijana wamepotea, imebaki mikanda tu. Wengi wakaamini. Na mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja! Kinachotisha ni picha mbovu na pumzi za anayerekodi. Unajiambia, mtu anayetetemeka hivi hawezi kuwa anadanganya.

Sisi wala hatukuhitaji kamera. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi uliorudisha vyama vingi, habari za Popobawa zilivuma Pemba, zikavuka Unguja, zikafika hadi Dar. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto. Waliosimulia walisema wamekandamizwa usiku, hawawezi kujitikisa wala kupiga kelele. Kwa nesi, maelezo hayo yanafanana sana na jinamizi: akili imeshaamka, mwili bado umelala, kifua kinahisi mzigo. Aliyesimulia hakudanganya. Alihisi kweli.

Lakini Unguja, kijana mgonjwa wa akili aliyekwenda huko kutafuta tiba aliuawa na watu wakidhani ndiye Popobawa. Hiyo haikuwa muvi, ndugu yangu. Alikuwa mgonjwa.

Leo kila simu ni kamera inayotikisika. Klipu ikiingia kwenye grupu usiku, giza, mtu anahema, "jamani limeonekana huku", kumbuka: kutetemeka kunaonesha kwamba mtu kaogopa, hakuoneshi alichokiona. Kabla hujaisambaza, uliza nani karekodi, wapi, lini. Na kama kuna mtu ameshaanza kunyooshewa kidole, msimguse. Ita mwenyekiti wa kijiji, halafu mleteni zahanati.