Njia za Kuingilia Ufundi wa Filamu, Zikitazamwa kutoka Ilomba

Ufundi wa filamu ni mkusanyiko wa kazi nyingi zinazotegemeana: kubuni kisa, kukiandika, kuwaongoza waigizaji, kupiga picha, kunasa sauti, kuhariri, na hatimaye kuifikisha filamu kwa watazamaji. Njia za kuuingia, katika Tanzania na nchi za jirani, hazijapata kuwa moja, kwa kuwa watu walioujenga walitoka katika ofisi za serikali, jukwaa la michezo ya kuigiza, meza ya mwandishi, studio za utangazaji na hata tanuri la matofali. Na kila aliyeingia aliingia na ustadi wa kazi yake ya kwanza, ambao hauondoki kwa urahisi, bali hudhihiri katika filamu zake miaka mingi baadaye. Makala haya yanazitazama njia hizo kutoka Ilomba, kata ya Jiji la Mbeya iliyo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, mahali palipo mbali na Dar es Salaam ambako wasambazaji na vituo vikubwa vya televisheni vimejikusanya, na kwa hiyo mahali ambapo swali la mlango wa kuingilia lina uzito mkubwa zaidi.

Katika Ilomba, kama katika Mwanjelwa, Soweto na Uyole, mlango ulio wazi kuliko yote ni ule wa video za sherehe. Kijana humwendea mwenye fremu ya picha akaomba kufuatana naye. Na mwanzo wake aghalabu hauhusu kamera hata kidogo, maana hubeba mikoba, hushika taa, huvuta nyaya ukumbini na kuhakikisha betri zimejaa chaji kabla bibi harusi hajatoka saluni. Baada ya muda hupewa kamera ya pili, ile isiyotegemewa, apige nyuso za wageni na meza ya zawadi. Na akionekana kuwa na mkono mtulivu na jicho la kuchagua, huachiwa ibada nzima ya kanisani. Hapo ndipo hujifunza jambo ambalo mwalimu aweza kulieleza darasani lakini hawezi kulitia katika mwili wa mwanafunzi, nalo ni kwamba tukio halirudiwi. Pete huvishwa mara moja, na baba wa binti hufuta chozi mara moja, na mpiga picha aliyekuwa akibadili lenzi wakati ule hana dawa wala udhuru. Mwongozaji wa filamu aweza kuamrisha tendo lirudiwe mara kumi. Lakini aliyelelewa na harusi hufika mahali pa kupigia picha akiwa amekwisha kutambua mwanga waingilia dirisha gani, sauti itaharibiwa na nini, na ni uso gani katika umati wastahili kutazamwa.

Nusu ya pili ya mafunzo hayo hufanyika usiku, mbele ya kompyuta. Sherehe iliyochukua siku nzima sharti ipunguzwe mpaka iweze kutazamwa na mtu aliyeketi, ilhali familia iliyolipa yataka kila mjomba na kila shangazi aonekane, na kamati ya harusi yataka kuona ukumbi ulivyopambwa. Na mhariri kijana, akiwa baina ya matakwa hayo, hujifunza kupima urefu wa picha kwa subira ya mtazamaji. Kazi hiyo ina majira yake. Wakati wa Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na mafundi hukaa bila ijara. Baada ya mavuno fedha hupatikana, sendofu na vipaimara hufuatana, na ifikapo mwezi wa Agosti maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa John Mwakangale huleta wateja wa aina nyingine, wenye matrekta, mbegu na mbolea, wanaohitaji picha za bidhaa zao. Fauka ya hayo kuna kwaya. Nyanda za Juu Kusini zina kwaya nyingi za Kimoravian, Kilutheri, Kikatoliki na Kipentekoste, na tangu kwaya zilipoanza kutaka nyimbo zao zitazamwe na zisisikilizwe tu, fundi wa harusi alilazimika kuwa mwongozaji, kwa kuwa wimbo hauna tukio lake lenyewe: sharti mtu aamue waimbaji wasimame wapi, wavae nini, mlima gani uwe nyuma yao, na ubeti wa pili uonyeshe kitu gani kisichoonyeshwa na wa kwanza.

Wako watu wenye shahada wanaoidharau njia hii, na dharau hiyo haina msingi, kwa maana mikono iliyozoezwa hivyo ndiyo inayobeba kamera katika filamu nyingi zinazotengenezwa nje ya Dar es Salaam. Hata hivyo ina upungufu mmoja mkubwa ambao ni haki kuutaja. Harusi haina mswada. Mwisho wake wajulikana na kila mtu tangu kadi za mchango zilipogawanywa, na fundi hakupata kamwe kujiuliza kwa nini mtu fulani atende tendo fulani. Akija kutengeneza filamu ya kubuni, picha zake huwa safi na kisa chake hulegea. Dawa ya upungufu huo hupatikana kwa watu walioingia kwa milango mingine.

Mlango wa kwanza kihistoria ulikuwa wa serikali. Baina ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la filamu za elimu lililoongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zikaonyeshwa katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati, na Waafrika walioshiriki walijifunza kazi kwa kuitenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika ya Kusini, African Film Productions, ilitengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa upande wa Songea, aliyekuwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii. Kawawa hakuendelea na uigizaji. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Lakini mfano wake waonyesha jinsi filamu ya zama zile ilivyokuwa tawi la utumishi, ikitafuta watu wenye sauti nzuri na adabu ya ofisini, na ndiyo sababu filamu nyingi za wakati ule, na za miaka iliyofuata uhuru pia, husema na mtazamaji kama afisa asemavyo na baraza la kijiji. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti ya mwaka 1974, iliyosaidiwa na Denmark, zilirithi tabia hiyo. Na Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kampuni hiyo iliyohusu siasa ya Ujamaa, ni kielelezo chake kilicho wazi.

Katika zama hizo hizo wengine walikwenda kusoma ng'ambo. Martin Mhando, ambaye baadaye aliliongoza Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, alisomea filamu Romania. Naye pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill waliongoza Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar kwa filamu za lugha za kigeni. Kabla yake, mwaka 1985, Mulvihill na Nangayoma Ng'oge walikuwa wameongoza Arusi ya Mariamu, yenye kuhusu mganga na ugonjwa wa mwanamke. Katika filamu zote mbili aliigiza Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa jina lake twafikia mlango wa jukwaa.

Jukwaa limeipa filamu ya Tanzania watu wengi kuliko chuo cho chote. Waliotoka Chuo Kikuu, na waliotoka Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo chaitwa TaSUBa, walikuja na nidhamu ya mazoezi na ujuzi wa mwili. Waliotoka vikundi vya mjini walikuja na kitu kingine. Kikundi cha Kaole cha Dar es Salaam, ambacho michezo yake ilionyeshwa katika televisheni ya ITV, kilimlea Steven Kanumba, aliyezaliwa Shinyanga mwaka 1984, pamoja na Vincent Kigosi aitwaye Ray na Blandina Chagula aitwaye Johari. Na watu hao, wakizoea kuigiza kwa kupewa kiini cha kisa na kujitungia maneno papo kwa papo, walizijaza filamu zao mazungumzo marefu ya sebuleni, yenye nguvu ya lugha ambayo mswada ulioandikwa haraka usingeweza kuileta. Wakosoaji wamelaumu urefu wa mazungumzo hayo bila kutazama asili yake. Kanumba alikuwa na bidii ya kutoka nje ya mipaka hiyo, akashirikiana na waigizaji wa Nigeria, na alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, mazishi yake katika makaburi ya Kinondoni yalihudhuriwa na umati mkubwa mno, jambo lililodhihirisha kwa mara ya kwanza mahali ambapo mwigizaji wa filamu amefika katika nyoyo za Watanzania.

Mlango wa kalamu ni mwembamba zaidi, na ndio ninaouona kuwa wenye faida kubwa kwa kijana wa Mbeya, kwa sababu gharama yake ni daftari. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mpakuzi wa meli bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, kisha akaenda kusomea filamu Moscow akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, kwa kuona kwamba watu wake wengi hawangeweza kusoma vitabu vyake. Kwetu, Sultan Tamba alikuwa mtunzi wa hadithi za kusisimua kabla ya kuandika Girlfriend, filamu ya mwaka 2003 iliyoongozwa na George Tyson na kuwashirikisha wanamuziki wa kizazi kipya. Na yeyote aliyesoma hadithi za mfululizo katika magazeti ya Dar es Salaam atautambua ule ufundi wa kukatiza kisa mahali ambapo moyo wa msomaji umeshikwa. Amil Shivji, aliyesoma Kanada, aliichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, akaifanya filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Kwa kijana asiye na kamera, kuandika kisa chema na kumpelekea mwenye kamera asiye na kisa ni biashara ya haki kwa pande zote mbili.

Kuna kundi jingine ambalo halijapewa heshima inayolistahili, nalo ni la wafasiri wa filamu katika mabanda ya video, yale ambayo watu huyaita vibanda umiza. Kapteni Derek Gasper Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, mwanajeshi mstaafu, alizisimulia kwa Kiswahili filamu za Kihindi, za Kichina na za Marekani, akaingiza sauti yake katika kanda za VHS zilizosambaa nchini. Na wengine wakamfuata, wa Uganda na Kenya wakiwa na mabingwa wao. Msimulizi wa namna hiyo huongeza, hupunguza, hueleza mila asizozijua mtazamaji, na huhukumu wahusika waziwazi, hata filamu ya ugenini ikawa kama imetungwa Mbeya. Vijana waliokaa katika mabanda ya Mwanjelwa wakimsikiliza walikuwa, pasipo kujua, wakisomeshwa namna kisa kinavyofungwa na kufunguliwa.

Milango mingine yatajwa kwa kifupi. Dieudo Hamadi wa Kisangani alisomea udaktari kabla ya kushika kamera, na katika Maman Colonelle, filamu yake ya mwaka 2017 kuhusu afisa wa polisi mwanamke, anaonekana kumtazama mtu kwa subira ya daktari anayesikiliza maelezo ya mgonjwa. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alifyatua matofali, kisha akajifunza kompyuta, akatengeneza Who Killed Captain Alex? kwa vifaa alivyoviunda mwenyewe. Wema Sepetu alikuja kwa taji la Miss Tanzania la mwaka 2006.

Kwa wanawake njia imekuwa na vizuizi zaidi, kwa kuwa kufuatana na fundi usiku kucha kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni jambo ambalo wazazi wengi hawalikubali kwa binti yao, na hili lapasa kusemwa waziwazi kwa sababu ndilo linalowanyima nafasi katika mlango ule ulio wazi kuliko yote. Waliofanikiwa walipita kwingine. Flora M'mbugu-Schelling, katika These Hands ya mwaka 1992, aliwaonyesha wanawake wakimbizi wa Msumbiji wakiponda mawe huko Kunduchi, karibu bila neno la msimulizi, na filamu ile fupi ni mojawapo ya kazi bora kabisa zilizopata kutoka nchini. Seko Shamte alitoka katika utangazaji wa televisheni, akatengeneza Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa, inayomhusu mtawala wa Wahehe ambaye askari wake walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, kisha akaongoza Binti. Utangazaji ni mlango ambao hata Iringa, mji mwingine wa Nyanda za Juu Kusini, waweza kuufungua, kwa maana mji huo una redio zake, na Chuo Kikuu cha Iringa kimefundisha uandishi wa habari. Na binti anayefanya kazi studio mchana, kwa ajira inayojulikana na wazazi wake, hujifunza kunasa sauti, kuhoji na kuhariri bila kugombana na nyumba yake.

Yeyote aliyeingia, kwa mlango wo wote, hukutana na Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, inayomtaka awe na kibali cha kutengeneza filamu na aipeleke kwa Bodi ya Filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Fundi wa Ilomba aliyezoea kupokea malipo ya awali kutoka kwa kamati ya harusi na kuanza kazi Jumamosi inayofuata huona taratibu hizo kuwa ngeni na nzito. Na kwa kuwa kibali hudai mswada ulioandikwa, ndipo wengi wao huketi kwa mara ya kwanza kuandika.