Kereza, si kuchonga tu

Pikapu ya zamani inayoshusha mboga kutoka Mgeta haina urafiki na breki. Ikifika gereji Mwembesongo, fundi huitikisa kalipa ya breki kwenye braketi yake, akiiona inacheza husema: “Braketi imeliwa. Tupanue tundu, tuchonge bushi.”

“Imeliwa” ni kauli tamu: pini na vumbi ndio walaji. (Asiseme mabano; hayo tuachieni sisi waandishi.) Lakini kuchonga? Mwiko huchongwa, mtumbwi huchongwa. Kitu kinachozungushwa kwenye mashine huku kisu kikikikwangua, kama bushi inayoizunguka pini au mguu wa kitanda cha mwambao, hukerezwa. Mashine yenyewe ni kerezo. Yote yamo kwenye kamusi, yanapigwa vumbi.

Ukienda gereji, mwambie fundi akukerezee bushi, na aipime pini kwanza.