Asili na Maana ya Neno Yakuti

Kusini ya Kongwa, katika wilaya ya Mpwapwa ambayo Kongwa yenyewe ilikuwa sehemu yake mpaka miaka ya 1990, kipo kijiji cha Winza. Nchi hiyo ya Wagogo ilikwisha kuwazoea wageni watafutao mali ardhini: mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga kwa mitambo, na udongo ukawa mgumu hata ukayashinda majembe yao, mpango ukaachwa mwaka 1951. Maelfu waliomiminika Winza mwaka 2008 walifuata mawe mekundu, ambayo wachimbaji na wanunuzi huyaita rubi. Jiwe la namna ile ile likitoka la rangi ya buluu, huliita safaya.

Kwa Kiswahili cha zamani yote mawili ni yakuti, la pili likipambanuliwa kwa kuitwa yakuti samawi. Wako wanaoliona neno hili kuwa halina mipaka. Asili yake yaonyesha vingine.

Yakuti limetoka katika Kiarabu, nalo limetajwa katika Kurani, sura ya 55, pamoja na marijani. Wataalamu wengi huona kwamba Waarabu walilipata kwa njia ya Kiaramu, na kwamba shina lake ni neno la Kiyunani *hyakinthos*, jina la ua na la jiwe pia. Wafasiri wa Biblia walipofika kwenye neno hilo hilo la Kiyunani, katika Ufunuo 21:20, waliandika hiakintho, hali aya iliyotangulia wamekwisha kuandika yakuti samawi. Basi neno moja liliingia katika Kiswahili mara mbili, nayo yamekaa katika ukurasa mmoja kama ndugu wasiojuana.

Maana yake haikuwa ya ovyo. Al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, alieleza katika kitabu chake cha johari kwamba yakuti ina rangi nyingi, nyekundu, manjano na samawati zikiwamo. Tena akaitenga na jiwe jekundu la Badakhshan, liitwalo la'l. Ulaya iliendelea kwa karne nyingi kuliita jiwe hilo rubi, na moja limo hata leo katika taji la Uingereza. Jina rubi lenyewe latokana na neno la Kilatini lenye maana ya wekundu tu.

Elimu ya madini imemwunga mkono al-Biruni. Rubi na safaya ni madini mamoja, mchanganyiko wa alumini na oksijeni. Kidogo cha kromi hulifanya jiwe kuwa jekundu, na chuma pamoja na titani hulifanya la buluu. Huko Winza hutokea jiwe moja likawa na wekundu upande huu na ubuluu upande ule. Kamusi ikifasiri yakuti kuwa ni rubi peke yake, imekata nusu ya jiwe hilo. Mwuzaji sharti achague kati ya rubi na safaya. Asemaye yakuti hana la kuchagua.