Vijiumbe vya Kilindi cha Ziwa Tanganyika

Kwa karibu karne nzima, elimu ya vijiumbe ilivijua vile tu vilivyokubali kuoteshwa maabara. Hadubini ilionyesha umati katika tone la maji, lakini walioota katika visahani walikuwa wachache mno. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, nchini Marekani, walilinganisha RNA ya ribosomu na kubaini kuwa arkea ni kundi la pekee, lililo mbali na bakteria. Katika miaka ya 1980 Norman Pace na wenzake walipiga hatua nyingine: walisoma mfuatano huo kutoka katika maji yenyewe, pasipo kuotesha kitu.

Njia hiyo ilifika Ziwa Tanganyika. Hadi mwaka 2015, sehemu ya ufuko wa ziwa hilo, penye miji ya Kalemie na Moba, ilikuwa ndani ya mkoa wa Katanga uliotawaliwa kutoka Lubumbashi. Mwaka huohuo mkoa ulipogawanywa, sampuli za maji zilichotwa upande wa Tanzania, karibu na Kigoma. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni hukomea katika tabaka la juu. Katika sampuli 24, kuanzia usoni hadi mita 1,200, Patricia Tran na wenzake walipata jenomu wakilishi 523 za bakteria na arkea; matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Vijiumbe vingi vya kilindini vilikuwa havijapata kuoteshwa kamwe.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Vijiumbe hivyo hushiriki katika mizunguko ya naitrojeni na salfa. Upepo wa kusi unapoyatibua maji, rutuba ya chini hupanda, mwani hustawi, na dagaa, ambao upande wa Kongo huitwa ndakala, hupata chakula. Tafiti za mwaka 2003 zilionyesha kuwa ongezeko la joto limepunguza mchanganyiko huo. Kwa hiyo anayetaka kuelewa upungufu wa samaki hana budi kujua kinachotendeka gizani chini ya nyavu.

Hata hivyo, jeni huonyesha uwezo tu. Aliyehesabu zana za fundi hajamwona bado akifanya kazi. Orodha ya wakazi wa kilindi imeanza kuandikwa. Kupima kazi yao, msimu baada ya msimu, ndiko kutakakowafaa wavuvi wa nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo.