Kabla ya Latte ya Nazi Kulikuwa na Kashata: Stori ya Tui Lililoingia Kwenye Espreso

Kuna swali ambalo mtoto wa Pwani akiulizwa lazima acheke kidogo. Umeingia kwenye mgahawa wa kishua, iwe Masaki au Westlands, umeagiza latte ya moto, kijana wa kaunta anakuuliza: "Maziwa ya kawaida au ya nazi?" Ukisema ya nazi, mara nyingi bei inapanda. Yaani nazi! Ile ile inayokunwa kwenye mbuzi uani kila siku, leo imekuwa kitu cha kulipia nyongeza.

Basi bwana, safari ya tui mpaka kwenye kikombe cha espreso ni ndefu, na wengi walioisukuma hawana hata mtaa ulioitwa kwa majina yao.

Tuanze na kahawa yenyewe. Mmea asili yake ni Ethiopia, lakini waliofanya kinywaji chake kiwe maarufu ni masufi wa Yemen katika karne ya 15, watu waliotaka kukesha kwenye dhikri bila kusinzia. Kutoka bandari za Uarabuni ikapanda majahazi, ikashuka Pwani yetu na kukaa barazani. Huku bara, Wahaya wa Kagera walikuwa na robusta yao, ila wao hawakuinywa: walizichemsha mbegu pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, mgeni akija anapewa atafune. Nishati ya mfukoni kabla ya makopo ya siku hizi.

Pwani aliyeishika kahawa ni muuza kahawa. Unamjua: dele la shaba, makaa chini yake, vikombe vidogo visivyo na mkono anavyovigonganisha njiani ili kijiwe kijue kwamba amefika. Kahawa chungu, wengine wanatia tangawizi au iliki, sukari hakuna. Utamu unatoka pembeni, kwenye kashata. Na kashata ni nini kama si nazi, au karanga, au vyote viwili, iliyopikwa na sukari? Kwa hiyo nazi na kahawa zilishajuana kitambo. Zilikuwa zinakutana mdomoni tu, si kikombeni.

Kwa nini hakuna aliyemimina tui kwenye dele? Ukitazama maisha yalivyokuwa, jibu linaonekana. Kahawa ilikuwa ya barazani, mambo ya wanaume, siasa na drafti. Tui lilikuwa la uani, mikononi mwa wanawake, na lilikuwa na kazi zake: wali, samaki wa kupaka, maharage, mchuzi. Tena kupata tui ni jasho. Unavunja, unakuna, unatia maji ya uvuguvugu, unakamua kwa kifumbu. Maji ya kwanza yanatoa tui zito, ambalo wengine wanaliita kasimile. La pili ni jepesi zaidi, na la tatu lina maji zaidi ya nazi. Mtu aliyepitia kazi hiyo yote hakuwa na mpango wa kuimimina kwenye kikombe cha mzee wa kijiweni.

Na nazi nyingine hata hazikubaki nyumbani. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille, Ufaransa, walikuwa wananunua mbata Zanzibar ili wakamue mafuta ya kutengenezea sabuni. Mwaka 1872 kimbunga kikali kikaipiga Zanzibar, kikang'oa minazi na mikarafuu kwa wingi, na watu waliotegemea miti hiyo wakaanza upya. Wazungu walioga kwa nazi yetu muda mrefu kabla hawajaitia kwenye latte.

Sasa vuka bahari. Mwaka 1884 jamaa mmoja wa Turin, Italia, alisajili hataza ya mashine ya mvuke ya kutoa kahawa nyingi kwa haraka. Mwaka 1901 fundi wa Milano akaja na mashine inayotoa kikombe kimoja kwa mteja mmoja, papo hapo. Bado kahawa ilitoka na ladha ya kuungua, maana ilisukumwa na mvuke mtupu. Mwaka 1938 mtu mwingine wa Milano akasajili njia ya kusukuma maji ya moto bila kutegemea mvuke, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zake za mkono wa kuvuta zikaingia mitaani. Shinikizo lilipanda mpaka karibu mara 9 ya lile la hewa ya kawaida, na juu ya kahawa kukatokea povu la rangi ya dhahabu. Wateja wa mwanzo waliliangalia kwa wasiwasi, wakidhani ni uchafu. Leo espreso bila povu hilo inarudishwa jikoni.

Mvuke haukutupwa. Ulipewa bomba lake la pembeni la kupashia maziwa moto. Na Italia maziwa maana yake ni ng'ombe, mjadala umefungwa. Mashine nzima na mafunzo yote ya barista yakajengwa juu ya maziwa ya ng'ombe. Waitaliano wakazibeba mashine hizo mpaka Asmara, Addis Ababa na Mogadishu walikotawala. Wao waliondoka, makiato ikabaki. Kwetu wimbi la migahawa ya kisasa lilichelewa. Java House, kwa mfano, ilifungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999.

Na hapa ndipo tui lilipowatoa jasho wataalamu. Maziwa ya ng'ombe yana protini zinazoshika viputo vya hewa, ndiyo maana ukiyapiga mvuke hadi nyuzi 60 au 65 yanakuwa laini kama krimu. Tui lina protini kidogo na mafuta mengi. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 3.5, tui zito linaweza kufika 20 na kupita. Mafuta yote hayo yanaliangusha povu. Halafu espreso ina asidi na inatoka ya moto sana, kwa hiyo ukimimina ovyo unapata mabonge juu na maji chini.

Barista wa Ulaya akiliona hilo anaandika makala nzima. Mama wa Tanga anasema maneno mawili tu: tui limekatika. Amelijua tangu yuko msichana. Ndiyo maana akilitia jikoni hatoki hapo, anakoroga bila kuacha, moto wa wastani, na ndimu anaikamulia mwisho. Elimu yote ya latte ya nazi ilikuwa tayari kwenye sufuria ya mchuzi. Haikuandikwa tu.

Waliowahi ni majirani wengine wa minazi. Huko Blora, Java ya Kati, kahawa inapikwa na tui na inaitwa kopi santan. Hanoi wanasaga tui na maziwa mazito ya kopo na barafu, wanamwagia kahawa juu, ila hiyo ni ya baridi. Marekani ilikuja baadaye: Starbucks walianza na soya mwaka 1997, nazi wakaileta Februari 2015. Hayo maziwa ya boksi, tuambizane ukweli, ni maji mengi, krimu kidogo ya nazi na vitu vya kuzuia yasijitenge. Uani kwetu hilo lingeitwa tui la nne. Nyongeza ya bei kwa maziwa yasiyo ya ng'ombe waliifuta Marekani na Kanada Novemba 2024, baada ya kelele nyingi za wateja. Na kelele hazikuwa za bure, maana zaidi ya nusu ya watu wazima duniani hawasagi vizuri sukari ya maziwa. Kuwatoza zaidi kwa tumbo walilozaliwa nalo ilikuwa uonevu.

Kuna na kichekesho cha jina. Mwaka 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kinywaji cha soya kisiuzwe kwa jina la maziwa. Nazi iliponea kwenye orodha ya majina yanayoruhusiwa kwa mazoea. Mawakili wote hao! Kiswahili kina neno lake la peke yake, tui, na hakuna aliyewahi kulichanganya na ng'ombe. Ndiyo maana "maziwa ya nazi" kwenye menyu ya Dar yanashangaza kidogo, ni tafsiri ya kitu ambacho tayari kina jina.

Ukitaka kuipika nyumbani bila mashine ya mamilioni, tafuta birika dogo la Kiitalia la jikoni, lile la kupandishia kahawa juu. Haitoki espreso kamili lakini inakaribia. Tumia robusta ya Kagera, iliyokaangwa sana: asidi yake ni ndogo, kwa hiyo tui halikatiki kirahisi, na ukali wake haumezwi na mafuta. Changanya tui zito na la pili nusu kwa nusu, pasha moto mdogo huku unakoroga, ukiona mvuke unaanza kupanda ipua, lisichemke. Lipige kwa mchapo mpaka lipate povu. Kahawa iache ipumue dakika moja, kisha imimine taratibu ndani ya tui. Iliki kidogo ukipenda. Tui linalobaki usilimwage, lina wali wake jioni.