Muungo uliotambuliwa kwa kilichokosekana

Mwaka 1947, katika chuo cha Nottingham nchini Uingereza, mwanafunzi wa uzamivu Michael Creeth alikuwa akipima mnato wa DNA iliyotolewa kwenye tezi ya thaimasi ya ndama. Maji yenye DNA hiyo yalikuwa mazito na yalipita taratibu katika mrija mwembamba wa kioo. Asidi ilipoongezwa kidogo kidogo, hali haikubadilika, na alikali nayo mwanzoni haikuleta tofauti. Lakini pH iliposhuka chini ya takribani 5, au kupanda kupita takribani 11, mnato ulianguka ghafla na maji yakapita upesi.

Profesa John Masson Gulland, aliyeongoza utafiti huo, na Denis Jordan, aliyemsimamia Creeth, walikuwa na fumbo la pili mezani. Besi zilizomo ndani ya DNA zina vikundi vya kemikali ambavyo kwa kawaida hupokea au kuachia haidrojeni pale asidi au alikali inapoongezwa. Katika DNA isiyoharibiwa vikundi hivyo havikuonekana kabisa kwenye vipimo. Vilijitokeza baada tu ya mnato kuanguka, na pH iliporudishwa katikati viliendelea kuonekana. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwamba besi zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kwa miungo ya haidrojeni, na asidi au alikali kali ilikuwa imezitenganisha. Katika tasnifu yake ya mwaka huohuo, Creeth alichora minyororo miwili, sukari na fosfati zikiwa nje, besi zikiwa zimeshikana ndani.

Tarehe 26 Oktoba 1947, treni iliyotoka Edinburgh kwenda London iliacha reli karibu na kijiji cha Goswick. Gulland alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kundi la Nottingham likatawanyika, na mchoro wa Creeth ukabaki ndani ya tasnifu.

Muungo walioutaja haukuwa mgeni kwa wanakemia, ingawa kuukubali kulichukua miaka mingi. Mwaka 1912, T. S. Moore na T. F. Winmill walishughulikia swali kuhusu besi mbili, si zile za DNA, zinazofanana sana. Ya kwanza ina vikundi vinne vya methili vilivyoshikwa na naitrojeni, nayo ni besi kali. Ya pili ina vitatu tu, na nafasi ya nne ina haidrojeni. Hiyo ni dhaifu mno. Nguvu ilikuwa imepotelea wapi? Moore na Winmill walipendekeza kwamba haidrojeni ile ilikuwa imeikamata oksijeni ya jirani na kuizuia isiende zake.

Kwa wakati huo pendekezo hilo lilikuwa kinyume na mafunzo ya darasani. Haidrojeni ina elektroni moja, kwa hiyo huunda muungo mmoja, basi. Lakini huko Berkeley, California, ambako Gilbert Lewis alikuwa akifundisha nadharia yake mpya ya jozi za elektroni, mawazo yalikuwa yakilegea. Maurice Huggins aliligusa wazo hilo mwaka 1919 akiwa bado mwanafunzi, katika kazi ambayo haikuchapishwa. Mwaka uliofuata Wendell Latimer na Worth Rodebush walichapisha makala ambamo walisema kwamba kiini cha haidrojeni kinaweza kukaa kati ya molekuli mbili na kuzishikanisha kwa muungo dhaifu. Katika kitabu chake cha mwaka 1923, Lewis alilitaja wazo hilo kuwa nyongeza kubwa kuliko zote katika nadharia yake.

Ushahidi mkubwa wa muungo huo ulikuwa maji. Salfa, seleni na teluri ziko chini ya oksijeni katika jedwali la elementi, na kila moja hushikana na haidrojeni mbili kama oksijeni inavyofanya. Kiwanja cha teluri huchemka karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, cha seleni nyuzi 41 chini ya sifuri, na cha salfa nyuzi 60 chini ya sifuri. Kwa mwendo huo maji yangepaswa kuchemka kwenye baridi kali zaidi, wala kusingekuwa na bahari wala mito. Yanachemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu kila molekuli imeshikwa na jirani zake. Muungo mmoja wa namna hiyo una takribani sehemu moja ya ishirini tu ya nguvu ya muungo unaoshikilia oksijeni na haidrojeni ndani ya molekuli yenyewe. Ni dhaifu, lakini iko mingi mno.

Katikati ya miaka ya 1930 uthibitisho ulitoka mahali ambapo wengi hawakutarajia: maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Washington, iliyohusika na naitrojeni na mbolea. Oliver Wulf, Urner Liddel, Sterling Hendricks na Guido Hilbert walikuwa wakifanya spektroskopia ya infraredi, yaani kupitisha mwanga usioonekana kwa macho ndani ya kemikali na kuangalia ni sehemu gani ya mwanga huo inamezwa. Waliyeyusha vitu vyao katika kaboni tetrakloridi, kimiminika kisicho na haidrojeni, ili kisitie alama zake kwenye matokeo.

Kila molekuli yenye oksijeni iliyoshika haidrojeni ilitazamiwa kumeza mwanga karibu na mawimbi 7000 kwa kila sentimita. Nyingi zilifanya hivyo. Lakini walipojaribu salisilaldehidi, ambayo haidrojeni yake imekaa jirani na oksijeni nyingine ndani ya molekuli ileile, alama hiyo haikuwepo mahali pake. Haidrojeni iliyovutwa na oksijeni ya pili hushikwa kwa ulegevu zaidi na ile ya kwanza, na uzi wa gitaa ukilegezwa sauti yake hushuka. Alama ilikuwa imehama, tena imetanuka na kufifia. Makala zao za mwaka 1936 ziliwapa wanakemia njia ya kumaliza ubishi: pima mwanga, kisha tafuta alama iliyotoweka.

Linus Pauling wa taasisi ya Caltech aliyafuatilia matokeo hayo kwa karibu. Mwaka 1935 alikuwa ametumia miungo ya haidrojeni kueleza muundo wa barafu, mwaka 1936 akaitumia pamoja na Alfred Mirsky kueleza kwa nini protini huharibika kwa joto, na mwaka 1951 akatangaza msokoto wa alfa wa protini, unaoshikiliwa na miungo hiyohiyo. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 1953 alichapisha muundo wa DNA wenye minyororo mitatu, fosfati zikiwa katikati na zimeshikana kwa haidrojeni. DNA ni asidi. Ndani ya maji fosfati zake huachia haidrojeni hizo. Bingwa wa muungo wa haidrojeni alikuwa ameiweka haidrojeni mahali ambapo haikai.

Huko Cambridge James Watson naye alikuwa na kosa la aina hiyo. Alichora besi za guanini na thaimini kama alivyozikuta vitabuni, haidrojeni ikiwa juu ya oksijeni, katika umbo liitwalo enoli. Jerry Donohue, Mmarekani aliyesomea Caltech na ambaye sasa alikaa ofisi moja na Watson na Francis Crick, alimwambia kwamba vitabu vilikosea: haidrojeni inakaa juu ya naitrojeni, katika umbo la keto. Watson hakungoja karakana imtengenezee vipande vya chuma. Alikata besi zake kwa karatasi ngumu, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 28 Februari 1953 alizisogeza mezani. Adenini ilikaa sawasawa na thaimini, guanini na saitosini, na jozi zote mbili zikawa na upana uleule.

Watson alikuwa ameusoma upya utafiti wa Gulland na Jordan, na baadaye alieleza kwamba hapo ndipo alipotambua uzito wa hoja yao kuhusu besi kushikana. Makala yake na Crick ilitoka katika jarida la *Nature* tarehe 25 Aprili 1953, ikiwa na shukrani kwa Donohue. Walizipa jozi zote miungo miwili miwili. Mwaka 1956 Pauling na Robert Corey walionyesha kwamba guanini na saitosini zina mitatu. Leo mashine zinazopima kifua kikuu kwa DNA katika hospitali za Tanzania na Kenya huipasha DNA joto ili kuivunja miungo hiyo na kutenganisha nyuzi mbili.

Kazi ya mwanga nayo iliendelea, tena Berkeley kwenyewe. Kuanzia mwaka 1954 George Pimentel na wenzake waligandisha molekuli chache ndani ya naitrojeni ngumu, kwenye baridi kali sana, ili zisiweze kuhangaika huku na huko. Mwaka 1957, kwa kutumia maji na methanoli, waliweza kutofautisha alama ya molekuli iliyo peke yake na zile zilizoshikana mbili mbili au zaidi. Mwaka 1960 Pimentel na Aubrey McClellan walikusanya maarifa yote katika kitabu *The Hydrogen Bond*.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Pavel Hobza na wenzake wa Prague walieleza kisa cha kushangaza: miungo ambayo haidrojeni imeshikwa na kaboni, na alama yake katika infraredi hupanda badala ya kushuka. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, lilitoa fasili mpya iliyotayarishwa na jopo lililoongozwa na Elangannan Arunan wa Bangalore, India. Kushuka kwa alama kumebaki miongoni mwa dalili zinazotafutwa, na fasili hiyo inatambua pia kwamba ipo miungo ambayo alama zake hupanda.