Sungura wa Daktari Trudeau

Somo letu la leo ni historia ya kifua kikuu. Sikilizeni kwanza, kisha mtasoma wenyewe polepole.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa. Mwaka 1865 kijana mmoja wa New York, huko Marekani, alimwuguza ndugu yake mpaka akafa nao. Jina la kijana huyo ni Edward Trudeau. Baadaye akawa daktari, na mwaka 1873 yeye naye akaupata. Akaenda milima ya Adirondack, penye misitu na maziwa, akidhani anakwenda kufia huko. Lakini alipokaa nje kila siku, akila vizuri na kupumzika, alipata nguvu. Mwisho akahamia milimani kabisa.

Mwaka 1885 nyumba yake ya kwanza ya wagonjwa ilikuwa tayari mahali paitwapo Saranac Lake. Wagonjwa walikaa barazani saa nyingi, hata wakati wa baridi kali, wakiwa wamejifunika mablanketi.

Tayari mwaka 1882 Daktari Robert Koch wa Ujerumani alikuwa amevigundua vijidudu vya kifua kikuu. Basi Trudeau alitaka kujua: hewa na jua vina kazi gani? Akachukua sungura 15, akawagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza, sungura 5, aliwatia vijidudu, akawafungia mahali penye giza na unyevu. Wanne walikufa.

Fungu la pili hakuwatia vijidudu, ila aliwaweka gizani na kuwapa chakula kidogo. Walikonda, lakini hawakuugua kifua kikuu.

Fungu la tatu aliwatia vijidudu, akawaachia huru kisiwani, penye jua, hewa na chakula tele. Mmoja tu alikufa.

Je, mmeona maana yake? Giza peke yake halileti kifua kikuu. Vijidudu ndivyo vinavyokileta. Lakini mwili uliokaa pazuri na kushiba hupigana navyo vizuri zaidi.

Hata hivyo, msisahau jambo hili: Trudeau mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1915. Hewa ya msituni ilimwongezea miaka mingi, lakini haikumaliza vijidudu mwilini mwake. Dawa ya kwanza ya kuviua, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943. Dawa nyingine zikafuata, na mwaka 1954 hospitali yake ya milimani ikafungwa.

Kwetu Tanzania iko hospitali ya Kibong'oto, katika mkoa wa Kilimanjaro. Ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mpaka leo inawatibu.

Basi, ndugu, shikeni mambo mawili. Fungueni madirisha, jua na hewa viingie, maana katika chumba kilichofungwa vijidudu hupita upesi kutoka mtu hadi mtu. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili aende akapimwe. Akipewa dawa, azimalize zote, hata akijiona amepona. Mkimfungia mgonjwa chumbani kwa aibu, mnamfanya kama sungura wa fungu la kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini sungura wa fungu la pili hawakuugua kifua kikuu?
2. Nyumbani kwako, ni chumba gani hakipati hewa? Utafanya nini?